Kutahajia Maneno ya Kiingereza Yanayokosewa Mara kwa Mara: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Kuna watu wanaoongea Kiingereza vizuri na kukisoma bila kukwama, lakini wakishika kalamu kuandika *separate* au *necessary*, mkono unasita. Wengi wao wameshakariri orodha ndefu, wakaandika kila neno mara kumi, na wiki mbili baadaye kosa ni lile lile. Juhudi waliweka. Njia waliyoifuata ndiyo yenye kasoro, na mwongozo huu unaibadilisha.

Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo sisi tumezoea kuandika tunachokisikia. Kwenye Kiingereza tabia hiyo inatuponza. Lakini ina upande wa pili ambao wengi hatuutumii: tunaweza kuusoma kwa sauti mfuatano wowote wa herufi, silabi kwa silabi, bila kuruka hata moja. Sehemu kubwa ya kazi iliyo hapa chini imejengwa juu ya uwezo huo.

## Vifaa

- Daftari moja, litumike kwa kazi hii peke yake.
- Kalamu za rangi mbili. Ya pili ni kwa ajili ya herufi zinazokusumbua tu.
- Kadi ndogo, au karatasi iliyokatwa vipande.
- Kamusi ya Kiingereza inayoonyesha matamshi na mkazo. Oxford, Cambridge, Longman na Merriam-Webster zote zinafaa, iwe kitabu au kwenye simu.
- Simu ya kurekodia sauti yako.
- Maandishi yako mwenyewe ya zamani: barua pepe, insha, ripoti, kazi za darasani. Usianze bila haya.

## Hatua ya 1: Chagua Kiingereza kimoja

Uingereza huandika *colour, centre, defence, travelling*. Marekani huandika *color, center, defense, traveling*. Yote ni sahihi, ila kuyachanganya ndani ya kazi moja ni kosa. Chagua kimoja kulingana na shule, mtihani au mwajiri wako, kisha weka lugha ya simu na kompyuta iendane na uamuzi huo.

Usione tofauti kila mahali. *Definitely, receive* na *government* huandikwa vile vile pande zote mbili. Kuhusu *organise* na *organize*, Marekani hutumia z, na Uingereza utakutana na zote mbili.

Umefanikiwa ukiwa unaweza kusema bila kusita unaandika Kiingereza cha wapi.

## Hatua ya 2: Kusanya makosa yako mwenyewe

Achana na orodha za maneno mia tano. Nusu ya maneno hayo huyakosei, na kuyasoma tena kunakula muda wa yale unayoyakosea kweli.

Fungua maandishi yako ya zamani ukiwa na kamusi pembeni. Kila neno lililokosewa, na kila neno unalolitilia shaka hata kama ni sahihi, liandike kwenye daftari. Shaka nayo ni taarifa, kwani neno unaloliandika kwa kubahatisha leo utalikosa siku nyingine. Maneno thelathini au arobaini yanatosha kuanzia.

Andika neno katika tahajia sahihi peke yake. Wengi huandika kosa upande mmoja na usahihi upande wa pili ili walinganishe, lakini macho hayachagui cha kukumbuka. Ukilitazama kosa kila siku, nalo litakuzoea.

Umefanikiwa ukiwa na orodha ambayo hakuna mtu mwingine duniani aliye nayo.

## Hatua ya 3: Tambua neno linakosewa wapi

Hakuna anayekosea neno zima. Katika *separate* karibu kila mtu anaandika s-e-p bila shida, kisha anateleza kwenye irabu inayofuata. Ipigie mstari sehemu hiyo kwa kalamu ya pili, kisha liweke neno kwenye kundi lake. Utakuta makosa mengi yanaangukia hapa:

Irabu iliyofifia. Kwenye Kiingereza, silabi isiyobeba mkazo hupoteza sauti yake. Iwe a, e, i, o au u, mara nyingi husikika kama mguno mfupi ule ule. Ndiyo maana sikio halikusaidii kujua kama ni *grammar* au "grammer", *calendar* au "calender", *definite* au "definate".

Herufi pacha. *Accommodation* ina c mbili na m mbili. *Recommend* ina c moja na m mbili. *Necessary* ina c moja na s mbili. *Occasion* ina c mbili na s moja. *Embarrass* ina r mbili na s mbili, lakini *harass* ina r moja tu.

Herufi bubu. *Receipt, debt, autumn, muscle, Wednesday.*

Maneno ambayo Kiswahili kiliyachukua. Kundi hili halionekani kwenye vitabu vilivyoandikwa kwa wasomaji wengine, na kwetu sisi lina makosa mengi mno. Tunasema risiti, bajeti, kampeni, kamati, profesa, saikolojia, na mkono unafuata. Hapo p ya *receipt* inapotea, d ya *budget* inapotea, g ya *campaign* inapotea, *committee* inabaki na m moja na t moja, na *psychology* inaanza na s. Kiswahili kilipoyachukua maneno haya kilibaki na sauti na kuacha herufi zisizosikika. Wakati mwingine, hata hivyo, kimekutunzia irabu ambayo Waingereza wenyewe wanaitafuta: kalenda inakuambia *calendar* ina a, sekondari inakupa o na a za *secondary*, na demokrasia inakupa o na a za *democracy*. Kwa hiyo kwa kila neno la aina hii, jiulize ni lipi limetunzwa na lipi limemezwa.

Maneno yanayofanana. *Their* na *there*, *lose* na *loose*, *advice* na *advise*. Haya yana hatua yake peke yake.

Umefanikiwa ukiwa unaweza kuweka kidole juu ya herufi moja au mbili tu katika kila neno na kusema, "Hapa ndipo ninapokosea."

## Hatua ya 4: Lipe kila neno matamshi ya pili

Kila neno lililo kwenye orodha yako lipe matamshi mawili. Ya kwanza ni ya mdomo, yale unayotumia ukizungumza. Ya pili ni ya mkono: unalisoma neno kama lingekuwa la Kiswahili, kila herufi na sauti yake.

- *separate*: se-pa-ra-te
- *definitely*: de-fi-ni-te-ly
- *Wednesday*: wed-nes-day
- *February*: feb-ru-a-ry
- *environment*: en-vi-ron-ment
- *government*: go-vern-ment
- *parliament*: par-li-a-ment

Herufi pacha zisimamie: ak-kom-mo-da-ti-on, em-bar-ras-s. Herufi c isome k kila mara, hata pale inapotamkwa s: *receive* inakuwa re-ke-i-ve na *science* inakuwa s-ki-en-ke. Inasikika vibaya sana, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu ukishasema re-ke-i-ve huwezi tena kugeuza ei ikawa ie. Neno likiwa na k halisi, taja jina la herufi hiyo ili zisigongane.

Sema matamshi ya mkono kwa sauti wakati unaandika, na mwendo wa mdomo ulingane na mwendo wa kalamu.

Tahadhari: matamshi haya yabaki kwenye daftari. Kila mara ukimaliza kuandika neno, litamke tena kwa Kiingereza sahihi, ukisikiliza kamusi ikibidi, ili mazoezi ya tahajia yasiharibu mazungumzo yako.

Umefanikiwa ukiwa unasikia "se-pa-ra-te" kichwani kabla kalamu haijagusa karatasi.

## Hatua ya 5: Tafuta ndugu wa neno

Irabu iliyofifia katika neno moja mara nyingi hudhihirika katika neno la ukoo wake, kwa sababu mkazo umehama. Herufi bubu nayo huweza kuanza kusikika.

*Grammar* ina a, isikie kwenye *grammatical*. *Author* ina o, isikie kwenye *authority*. *Similar* ina a, isikie kwenye *similarity*. *Definite* ina i, isikie kwenye *definition*. *Medicine* ina i ya kwanza inayojitokeza kwenye *medicinal*. Kwa herufi bubu: *muscle* na *muscular*, *autumn* na *autumnal*, *sign* na *signature*, *debt* na *debit*, *receipt* na *reception*.

Mbinu hii inasaidia hata pale wengi wanapokata tamaa, yaani mwisho wa *-ence* na *-ance*. Tafuta kivumishi kinachoishia na *-tial*. *Confidence* ina ndugu *confidential*, *residence* ina *residential*, *existence* ina *existential*. Upande wa pili, *substance* ina *substantial* na *circumstance* ina *circumstantial*. Si kila neno lina ndugu wa namna hiyo, na *maintenance* itabidi uikariri kwa matamshi ya mkono: main-te-nan-ke.

Kwenye kadi, andika neno upande mmoja na ndugu yake upande wa pili.

## Hatua ya 6: Tazama, funika, andika, linganisha

Kuandika neno mara kumi huku ukiliona ni kunakili. Ikifika mara ya nne akili imeshaondoka, mkono unaendelea peke yake. Kinachojenga kumbukumbu ni kulitoa neno kichwani wakati hulioni.

Chukua *accommodation*. Litazame na useme ak-kom-mo-da-ti-on, ukiona c mbili na m mbili kwa rangi ya pili. Funika. Hesabu pole pole hadi tano, ili picha iliyobaki machoni ipotee na ubaki na kumbukumbu halisi. Andika neno zima. Funua, linganisha herufi kwa herufi kutoka kushoto.

Kama umeandika "accomodation", usichomeke m ya pili juu. Kata neno lote, litazame tena, funika, liandike upya lote. Ukizoea kuchomeka, mkono unajifunza kuandika kosa kisha kulirekebisha, na kwenye mtihani hakuna muda wa kurekebisha.

Maneno matano hadi manane kwa kikao yanatosha. Ukizidisha, ya mwisho yanafuta ya kwanza.

Umefanikiwa ukiwa umeliandika neno sahihi mara tatu mfululizo bila kulitazama, na kati ya kila mara umeandika neno jingine.

## Hatua ya 7: Kanuni nne zinazolipa

Kanuni za tahajia ya Kiingereza ni nyingi na nyingine zina mianya mikubwa kuliko kanuni yenyewe. Nne hizi zinarudisha muda utakaoutumia.

### Kurudufu konsonanti kabla ya -ed na -ing

Hii ndiyo ngumu, na inastahili siku kadhaa. Kwa nini *beginning* ina n mbili na *opening* ina moja? Jibu liko kwenye mkazo.

Neno likiishia na konsonanti moja iliyotanguliwa na irabu moja, na mkazo ukiwa kwenye silabi ya mwisho, konsonanti hurudufiwa: *begin, beginning*, *occur, occurred*, *prefer, preferred*, *refer, referring*. Mkazo ukiwa mahali pengine, hairudufiwi: *open, opened*, *visit, visited*, *offer, offered*, *develop, developed*. Maneno ya silabi moja hurudufu: *stop, stopped*, *plan, planning*. Zikiwa irabu mbili, au konsonanti mbili mwishoni, acha: *needed, raining, starting*. Herufi w, x na y nazo hazirudufiwi: *showing, fixed, playing*.

Kwa *preference* na *reference* mkazo umerudi silabi ya kwanza, ndiyo maana r ni moja.

Ugumu wetu unatoka hapa: Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo sikio letu halijazoea kuuwinda. Usikisie. Fungua kamusi utafute alama ndogo ya wima iliyoinuliwa juu. Silabi inayoifuata ndiyo yenye mkazo.

Herufi l ina sheria yake. Uingereza huirudufu hata bila mkazo, *travelled* na *cancelled*. Marekani huandika *traveled* na *canceled*.

### Kiambishi awali hakiondoi kitu

*Dis* na *appear* huwa *disappear*: s moja, p mbili. *Dis* na *appoint* huwa *disappoint*. *Un* na *necessary* huwa *unnecessary*, n mbili. *Mis* na *spell* huwa *misspell*, s mbili. Bandika tu. Hali ni hiyo hiyo kwa *-ly* katika maneno kama *finally, really, accidentally*, ambamo l ya neno na l ya kiambishi zote zinabaki.

### E ya mwisho

Kikija kiambishi kinachoanza na irabu, e huondoka: *write, writing*; *hope, hoping*. Kikianza na konsonanti, kwa kawaida hubaki: *hopeful, management*. Baada ya c na g laini (c inayosikika s, g inayosikika j) e hubaki mbele ya a na o, kwa kuwa ndiyo inayolinda ulaini wa sauti: *noticeable, courageous*. Yakariri mawili yanayoasi, *truly* na *argument*.

### I kabla ya e

Kanuni maarufu husema i hutangulia e isipokuwa baada ya c. Iliyo kamili ina sharti moja: inahusu sauti ndefu ya i tu. *Believe, achieve, field*. Kisha *receive, ceiling, deceive*. *Eight, neighbour, foreign, science* na *efficient* hazina sauti hiyo, hivyo hazihusiki. Wakaidi wa kukariri ni *seize, protein, caffeine, weird* na *species*.

## Hatua ya 8: Maneno yanayofanana, moja moja

Usiweke *lose* na *loose* kwenye ukurasa mmoja. Ukijifunza mawili kwa pamoja, kila moja linamvuta mwenzake na unaishia kujua kwamba kuna tofauti bila kukumbuka ni ipi. Jifunze moja mpaka liwe imara, kisha wiki nyingine ulete la pili.

Lishikilie neno kwenye fungu fupi lenye maana moja tu: *lose the game*, *loose shirt*. *There* ina *here* ndani yake, na yote mawili ni mahali. *Hear* ina *ear*. *It's* iandike pale tu unapoweza kusema *it is* au *it has*. Kwa Kiingereza cha Uingereza, *advice, practice* na *licence* ni nomino, na *advise, practise* na *license* ni vitenzi. Ukikumbuka jozi ya kwanza, ambayo hata matamshi yake yanatofautiana, zilizobaki zinaifuata.

Kuna jozi nyingine ambazo kwa Mwingereza hazifanani hata kidogo, ila kwa sikio lililolelewa na irabu tano zinafanana sana: *live* na *leave*, *fill* na *feel*, *full* na *fool*, *walk* na *work*, *hat, hut, heart* na *hurt*. Kwa wale ambao lugha zao za mama hazitenganishi l na r, ongeza *collect* na *correct*, *play* na *pray*. Hapa tahajia peke yake haitoshi. Sikiliza kamusi ikitamka, kisha uandike ulichosikia, mpaka sikio lianze kutenganisha.

Tahadhari: makosa haya kisahihishaji cha simu huyaacha mara nyingi, kwa kuwa kila neno peke yake ni sahihi.

## Hatua ya 9: Imla kwa vipindi

Rekodi sauti yako ukisoma sentensi kumi, kila moja ikiwa na maneno mawili ya orodha yako. Tumia matamshi ya Kiingereza, si yale ya mkono. Zisikilize kesho yake na uandike imla. Kusubiri siku moja ni muhimu, maana ukiandika papo hapo unapima masikio tu.

Kadi zirudie kesho, kisha baada ya siku tatu, wiki moja, wiki mbili, mwezi. Neno ukilipata, lisogeze mbele. Ukilikosa, lianze upya. Zima kisahihishaji kwenye mipangilio ya kibodi wakati wote wa mazoezi, kwa sababu kinachosahihishwa kabla hujakiona hakikufundishi. Tena kinaweza kukuharibia: "definatly" huweza kugeuzwa *defiantly*, neno halali lenye maana nyingine kabisa, nawe unatuma barua bila kujua.

Kwenye kazi halisi kiwashe, lakini hakiki kwa macho yako. Soma neno moja moja ukitoka mwisho wa ukurasa kwenda mwanzo, ili maana isikubebe ukaruka herufi. Kisha soma mara ya pili kwa mpangilio wa kawaida, safari hii ukitafuta *their* na wenzake, maana hao hawakamatwi bila kusoma sentensi nzima.

Umefanikiwa ukiwa umeandika ukurasa mzima ukiwaza hoja yako, na maneno ya orodha yakapita sahihi bila wewe kusimama. Neno likikosewa tena hapo, lirudishe kwenye kadi za siku ya kwanza, hata kama lilikuwa limeshafika mwezi.